Vitabu vya Wauaji kutoka Mingoyo

Vitabu vile nilivinunua Mingoyo, pale njia panda, kwa muuza karanga. Nilikuwa nasubiri gari la kunipeleka kwenye kituo changu kipya cha kazi, zahanati ya kijiji cha ujamaa kilichokuwa ndani kidogo kutoka Kitomanga, na gari lenyewe halikuwa na haraka. Muuza karanga alichana ukurasa kwenye kitabu, akausokota, akanijazia karanga. Nilipozimaliza nikausoma ule ukurasa. Ulikuwa wa Kiingereza, habari za mwanamume wa Ulaya aliyeua wanawake mmoja baada ya mwingine, na uliishia pale askari anapobisha hodi mlangoni kwake. Nikamrudia yule mzee nikamwambia nataka karanga nyingine, lakini anifungie kwa ukurasa unaofuata.

"Unaofuata ameondoka nao utingo wa lori," akasema. "Kwani karanga za ukurasa huu zina kasoro gani?"

Alikuwa na kapu zima la vitabu hivyo. Vilitoka kwenye nyumba ya meneja mmoja Mzungu aliyefunga virago baada ya mashamba ya mkonge kutaifishwa, na kwa kuwa karatasi ilikuwa adimu siku zile, muuza karanga alijiona ameokota dhahabu. Nilimbembeleza mpaka akaniachia vilivyobaki. Vingine havikuwa na majalada, vingine havikuwa na mwanzo, na karibu vyote vilikosa mwisho, kwa sababu alikuwa akichana kuanzia nyuma. Mpaka leo wapo wauaji ambao sijui walikamatwa vipi.

Nilikuwa muuguzi, msichana wa Upareni, nimemaliza mafunzo juzijuzi. Bibi yangu ndiye aliyenilea, na alifariki nikiwa chuoni. Nilifika matanga yameshaanuliwa, nyumba imefungwa kwa kipande cha waya. Baba alikuwa na mke mwingine na mji mwingine. Kwa hiyo Serikali iliponipangia Lindi, wenzangu waliopangiwa huko walilia na kuwapeleka wajomba zao wizarani kuwaombea vituo vya karibu. Mimi nilifunga sanduku tu.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya kama mimi. Watu walikuwa wameletwa pale kutoka vitongoji vyao vya zamani wakapangwa kwa mistari, nyumba zimetazamana, bendera katikati, duka la ushirika pembeni. Mikorosho yao ilibaki kule walikotoka, mwendo mrefu. Lakini walihama na jamaa zao, na walihama na ugomvi wao wote, haukupotea hata mmoja njiani. Asubuhi nilisikia wakitukanana kwa Kimwera toka ua hadi ua, jioni nikawaona wamekaa mkeka mmoja wanakula ugali wa muhogo na kisamvu.

Hawakuwa wabaya kwangu. Naomba hilo lieleweke. Walinisalimia, waliniita nesi, na kila penye shughuli waliniletea sahani imefunikwa kawa. Niliichukia ile sahani. Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wanaitana, "Njoo tule," wala hawasubiri jibu. Mimi nililetewa. Mvua zilikuja zikaenda, nikaendelea kuletewa, na kila nilipoinua ile kawa roho iliniuma.

Basi nikawa nasoma. Zahanati ikifungwa alasiri, nilikaa kibarazani kwangu na vitabu vyangu na kamusi, nikasoma mpaka magharibi, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha. Mwalimu wa madrasa alikuwa akipita pale akienda msikitini. Siku moja alisimama akanisifu mbele ya wanafunzi wake. "Mtazameni nesi," akawaambia. "Mkristo, lakini kila siku alasiri hakiachi chuo chake." Alidhani kitabu kile ni Injili. Chuo chenyewe siku hiyo kilikuwa kimefika pale muuaji anapofukia viatu vya mtu wa nne. Nilishukuru kwa adabu nikakifunika kwa khanga.

Vingine havikuwa visa vya kuua tu. Ndani yake mlikuwa na mtu, daktari wa akili au mpelelezi mkongwe, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa mezani na picha za mahali maiti ilipokutwa, akamfikiria muuaji mpaka akamchora. Hajui jina lake, hajauona uso wake, lakini anasema: huyu ni mtu wa makamo, anaishi na mama yake, ana kazi ya kukaa, anapiga pasi shati lake mwenyewe, hapendi kuguswa. Na katika vile vichache vilivyobaki na mwisho, akikamatwa, ndivyo alivyo. Majirani nao wanasema maneno yaleyale kila mara: alikuwa mtulivu, hakumsumbua mtu, hatukumjua.

Watu watadhani nilipenda damu. Damu nilikuwa nayo ya kutosha kazini. Nilichopenda ni yule mtu wa mezani. Nasema bila haya kwamba nilimwonea gere muuaji. Alikuwa na mtu asiyewahi kumwona ambaye anashinda akimfikiria: anakula nini, anarudi kwake saa ngapi, nani alimkosea utotoni. Mimi nilikaa katikati ya kijiji kizima na hapakuwa na mtu aliyejua kama chai yangu naweka sukari au siweki.

Nikaanza kuwachora watu. Ulikuwa mchezo tu wa kujiliwaza. Palikuwa na mwanamume mmoja aliyepita nyuma ya zahanati kila alfajiri na ndoo iliyofunikwa, anatazama huku na huku, anarudi mikono mitupu. Kwa vitabu vyangu huyo alikuwa hana hata haja ya kuhojiwa. Nilimfuatilia wiki nzima. Kumbe ni msimu wa mabibo, na ndoo ilikuwa ya uraka, pombe ya mabibo, anawapelekea wakubwa wa kijiji ambao hadharani walikuwa hawanywi. Nilicheka mwenyewe kibarazani, halafu nikatafuta mtu wa kumsimulia, nikakosa.

Msimu wa mahindi ulipofika, akaja simba.

Wa kwanza alimtoa dunguni, kile kibanda cha juu wanachokaa watu kulinda shamba wasiingie nguruwe. Wa pili alikuwa mama aliyekwenda kisimani mchana kweupe. Wa tatu kijana aliyetangulia wenzake njiani. Kila aliyejeruhiwa aliletwa kwangu nikamshona. Waliokufa niliitwa kuwatazama, maana Serikali ilitaka muuguzi awatazame, na nilifanya kama nilivyofundishwa, uso mkavu, mikono haitetemeki. Kilio kilikuwa kinazizima nje, na mimi ndani nanawa damu. Machozi yangu yalikuja baadaye nikiwa kwangu, mlango umefungwa.

Nikamchora na huyo. Nilimwendea mwenyekiti wa kijiji, nikamwamkia, nikamweleza kwa ufasaha wote: simba huyu ama ni mzee ama ni mgonjwa, hawezi tena mnyama wa mbio, na anamchagua mtu aliye peke yake. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nesi, hilo kila mtu analijua," akasema. "Swali ni simba wa nani."

Ndipo nilipoelewa kinachosemwa vibarazani. Kwa watu wa pale, simba wa porini akila mtu mmoja ni bahati mbaya. Akirudia, ametumwa, na aliyemtuma yumo kijijini. Bwana nyama, ofisa wa wanyamapori, alikuwa ameitwa kutoka Lindi na bunduki yake, lakini barabara ilikuwa matope, na wakati wakimsubiri, wazee walikuwa wanasubiri na mtu mwingine. Waliagiza mganga.

Sikulala vizuri tena. Ilikuwa hofu ya kweli, na ilikuwa na hoja. Nilijipima kama wanavyopimwa watu vitabuni nikaona ninaenea kila mahali. Mgeni, hana mume, anakaa mwisho wa mstari, anakula peke yake, anashika damu. Nikaanza kuziona dalili. Wanawake wakiwa wanatwanga, nikipita wananyamaza. Wagonjwa walipungua. Watoto waliokuwa wakija kuchungulia dirishani hawakuja tena. Nilikuwa nimesikia mambo yanayowapata wanaotajwa: nyumba kuchomwa, mtu kufukuzwa na nguo aliyovaa, mengine mabaya zaidi. Nilivikusanya vitabu vyangu, hasa kile chenye jalada lililobaki, lenye picha ya mwanamke na soksi shingoni, nikavitumbukiza ndani ya pipa la unga nikamwagia unga juu. Nikafunga sanduku langu likawa tayari. Halafu nikaketi nikajiuliza nitakimbilia kwa nani, nikalifungua tena.

Mganga alifika asubuhi moja, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua ingawa mvua ilikuwa imekatika. Kijiji kizima kiliitwa kwenye uwanja wa duka la ushirika. Mwenyekiti alikuwa amepata safari ya ghafla ya kwenda kwenye chama, ili asiwepo. Nilifikiri nisiende, kisha nikaona kutokwenda ni kujitaja. Nikakaa upande wa wanawake, pembeni ya mama mmoja mkunga wa kienyeji, ambaye tulikuwa tunaazimana wembe na nyuzi. Ndiye mtu niliyekuwa nimemzoea angalau kidogo, kuliko wengine wote.

Mganga hakutaja jina. Alizunguka polepole, anatazama chini, anasema sentensi moja, anakaa kimya, anasema nyingine. Mwenye simba anakaa peke yake. Hali chakula na watu. Mlango wake unafungwa mapema. Mikono yake imezoea damu. Msibani machozi hayamtoki.

Mwili wangu uliingia baridi. Alikuwa ananichora mimi. Hata leo nikikumbuka, kilichonitisha ni jinsi alivyoifanya kazi ile vizuri, kama yule mtu wa mezani vitabuni, bila picha wala meza. Na kwenye hofu ile kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitarajia. Nilisikia joto. Kumbe nilikuwa naonwa. Kumbe mtu alikuwa amekaa akanifikiria mlango wangu unafungwa saa ngapi.

Vichwa vikageuka. Viligeuka kuelekea upande wetu, nikamshika mkunga mkono nikambana. Halafu vikapita. Vilinipita mimi vikaenda nyuma yangu, chini ya ukingo wa paa la duka, alikokuwa amekaa mzee mmoja mchinjaji. Alikuwa mgane, mgomvi, mwizi wa kete kwenye bao, na tangu wahamie alikuwa anavutana na wapwa zake juu ya mikorosho iliyobaki kule kwao. Mpwa wake mkubwa alikuwa ameshasimama anamnyooshea kidole.

"Mbona unatetemeka hivyo, nesi?" mkunga akaninong'oneza.

"Nilidhani wananisema mimi."

Alinitazama, kisha akacheka. Katikati ya kiwanja kile, penye hofu ile, alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa upindo wa khanga. "Wewe? Wewe umtume simba kwa nani? Una nani hapa wa kumwekea kinyongo? Mtu anaroga nduguye, nesi. Wewe nani atakuwazia hayo?"

Alisema kunituliza, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nikaachia mkono wake. Wale waliokuwa wakinyamaza nikipita, aliniambia, walikuwa wanasema mambo ya ukoo, na mambo ya ukoo hayasemwi mbele ya mgeni. Wagonjwa walipungua kwa kuwa zahanati ilikuwa mwisho wa mstari karibu na pori, na watu walimwogopa simba. Watoto vivyo hivyo. Niliokoka siku ile, na sijawahi kuumizwa na neno kama nilivyoumizwa na wokovu ule. Katika kijiji kinachomtafuta muuaji nyumba kwa nyumba, mimi sikuwa nimefikiriwa hata dakika moja.

Nikakaa nikatazama. Dada zake yule mzee walikuwa wamesimama, vikongwe wawili, mmoja anamtukana mpwa, mwingine anamtukana mzee mwenyewe, na wote wawili wanalia. Binti mmoja alimvulia khanga yake ya juu akamfunika nayo mabegani. Mtu alimtemea mate. Mtu mwingine akampiga kofi yule aliyetema. Yalifufuliwa mambo ya kabla ya uhuru, nani alimnyima nani mbegu, nani hakuja kumzika nani, mimba ipi iliharibika baada ya neno lipi. Yule mzee alikuwa anajibu kila moja, mapovu mdomoni. Walimjua mtu yule mpaka kwenye mifupa. Nilimwonea wivu. Mtu anatuhumiwa kuua watu, anaweza kupoteza roho yake saa hiyo, na mimi nimekaa pale namwonea wivu.

Mganga akawanyamazisha akatoa dawa yake. Kule dawa ya mambo hayo ni kunyolewa. Na hanyolewi mtuhumiwa peke yake: ananyolewa anayetajwa na anayetaja, na jamaa zao wa upande ule wote, wake kwa waume, wanapakwa dawa kichwani na kunyweshwa, na baada ya hapo neno lile halirudiwi tena. Walikaa mstari juani, mjomba, wapwa, wale vikongwe, yule binti wa khanga, na wembe ukapita kichwa hadi kichwa. Walipomaliza walikuwa kundi kubwa la vichwa vinavyong'aa, na wakaondoka pamoja kwenda kula. Mimi nikarudi kwangu na nywele zangu.

Bwana nyama alifika barabara ilipokauka, akamsubiri simba penye kisima akamwua. Alikuwa mzee, na mwiba wa nungunungu umeoza tayani mwake. Nilimwonyesha mkunga ule mwiba. "Naam," akasema, "na mwiba huo alimtia nani?" Sikubishana naye. Vitabu nilivitoa penye unga, nikavikung'uta, nikajaribu kuendelea pale nilipoachia, lakini kila nilipofika kwa yule mtu wa mezani nilikifunga. Nilijua sasa kwamba hatanijia.

Wembe wa mganga ulikuwa butu. Wiki nzima baada ya kunyolewa walikuja kwangu na vichwa vyenye mikwaruzo iliyovimba, nikawa nawaosha na kuwapaka iodini. Yule mzee mchinjaji alikuja miongoni mwa wa mwisho, amebebwa kwenye baiskeli, na aliyembeba ni yuleyule mpwa aliyemnyooshea kidole, kichwa kitupu kama chake. Mpwa alibaki nje kushika baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinichome na hiyo dawa."

Nilimchoma nayo, akalalamika, akasema mikono yangu ni ya mkaanga samaki. Nilikuwa na swali, na sikuweza kulizuia. Nilimwuliza inakuwaje anakubali kupandishwa baiskeli na mtu aliyetaka auawe.

"Yule? Yule mpumbavu toka tumboni," akasema, kwa sauti ya kutosha ili asikike nje. "Na mikorosho simpi. Aisahau. Lakini mchana nakula kwake, mkewe anapika samaki leo." Akageuka anitazame, iodini inamtiririkia penye nyusi. "Na wewe, mwanangu? Kwenu wanaokugombeza ni kina nani?"

Nilimfikiria bibi, aliyekuwa akinigombeza kwa kuacha mlango wazi, kwa kula nimesimama, kwa kusoma gizani. Nikafikiria ule waya mlangoni kwake. Nikafikiria kusema nina baba. Lakini baba hakuwahi kunigombeza.

"Sina, mzee," nikamwambia. "Hakuna."

Mdomo wake, ambao haukuwa umefungwa tangu aingie, ukafungwa. Nje mpwa wake alikuwa anapiga kelele, afanye haraka, samaki watapoa. Mzee aliushika mkono wangu wenye pamba kama unavyomshika mfiwa.

"Pole, mwanangu," akasema yule mzee waliyemwita mwenye simba. "Pole sana."

"Nimeshapoa, mzee," nikamjibu, nikaendelea kumpaka dawa palepale nilipokuwa nimeshampaka.